Bwana Amepiga Kengele, Mdomo Ameacha Ofisini

Alhamisi. Mawingu yameshuka mpaka karibu na mabati ya ghala, lakini mvua inakataa kuanguka. Na mimi nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Nimepita nzige. Nimepita vita vya kwanza vya Wazungu, nikibeba mizigo yao. Mameneja wanne wa shamba hili la Kitale wamekuja wakanikuta, wameenda wakaniacha. Kutoka hapa mpaka Malakisi hakuna mtu anayelima mstari ulionyooka na maksai kama mimi. Sijisifu. Ni kweli tu.

Lakini huyu meneja wa tano ameniweza.

Mpango wake ni mzuri! Hiyo ndiyo inaniuma. Kampuni inauza maksai, inaleta trakta, na sisi watu wa maksai tutafundishwa kuendesha. Hakuna mtu wa kufukuzwa. Aliniambia Jumatatu, mimi peke yangu, kwa sababu mimi ni nyapara. Nikamwambia, "Bwana, toka nje uwaambie watu." Akasema hiyo ni kazi ya karani, kazi yake yeye ni kupanga.

Karani naye, akipimia watu unga wa posho, akasema, "Maksai wanauzwa." Basi. Akaendelea kupima.

Sasa mtu amehama kutoka Bungoma na bibi na watoto, anasikia ng'ombe wa kazi wanauzwa. Si atajua kesho ni yeye? Nikapita nyumba kwa nyumba nikieleza. Wakanicheka, ati mzee amelambishwa sukari na Mzungu.

Wakaanza kufunga mizigo. Na mbegu bado iko ghalani.

Jana nikarudi ofisini. Nikamwambia hivi: kwetu, kijana akitaka kutahiriwa, anashika njuga zake, zile kengele za mkononi, mwenyewe, anakimbia mwenyewe mpaka kwa mjomba, anacheza jasho likimtoka. Ndiyo mjomba anajua hilo neno ni lake. Hatumi mtu. Meneja akatingisha kichwa polepole, kama amekubali. Nikatoka nimevimba kifua, nikijua nimefundisha Mzungu.

Leo asubuhi kengele ikalia, kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti. Kikapigwa mpaka mbwa wakabweka. Watu wakaja mbio na mizigo yao. Meneja alikuwa anakipiga mwenyewe kwa nyundo, uso mwekundu kama nyanya.

Halafu akamwita karani aseme.

Kengele! Katika maneno yangu yote, alichobeba ni kengele!

Nikapasuka. "Bwana, hatutaki chuma! Tunataka mdomo wako!"

"Mzee, heshima," karani akasema.

"Nyamaza, wewe kibaba cha posho!"

Watu wakacheka. Mama Nasimiyu, jirani yangu, alikuwa na sufuria zake zote kichwani. Akaita kutoka nyuma, "Si aseme basi, bana! Tuende ama tukae? Shingo inauma!"

Meneja akatupa nyundo chini. Akasema, "Ng'ombe kwenda. Watu kubaki. Mimi nasema."

Maneno ya pumzi moja. Mama Nasimiyu akashusha sufuria.

Lakini Wekesa, mwanangu, hakusikia. Aliondoka jana jioni na bibi yake na wajukuu wangu, kutafuta shamba la tumbaku kule Malakisi. Mlangoni aliniambia, "Baba, wewe baki uongee na maksai. Wao hawaulizi maswali."

Yeye ndiye angeshika trakta ya kwanza. Kama ile pumzi moja ingetoka Jumatatu, saa hii wajukuu wangu wangekuwa hapa wanamwaga chai yangu.

Jioni meneja ananiambia ati nitume neno kwa dereva wa lori, atampelekea Wekesa habari. Huyu mtu hajajifunza kitu.

Kesho sifungi maksai. Nachukua fimbo yangu naenda Malakisi, mvua inyeshe isinyeshe, nimwambie mtoto wangu kwa mdomo wangu. Akikataa, akatae akiniangalia machoni.

Anayesema naongopa, amuulize Mama Nasimiyu. Ama amuulize mzee Juma, fundi aliyeletwa na kampuni kwa ajili ya trakta, anayeswali msikiti wa Kitale, alikuwa amesimama pale karibu na kengele. Ama amuulize meneja mwenyewe.

Lakini aende kwa miguu yake. Asitume karani.