Dada Somoe, Nimefika Themanini na Nane

Dada Somoe,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua, nimetoka kukupalilia leo asubuhi. Majani yalikuwa yamefika magotini upande wa kichwani. Nimeyang'oa kwa mkono, jembe sikulitaka hapo. Basi nianze na hali yangu: nimechoka. Siumwi, usishtuke. Nimechoka tu, mwili na roho.

Nakuandikia kwenye karatasi za duka la kijiji, zile za kufungia sukari. Sukari yenyewe haipo, zimebaki karatasi. Nataka nikueleze habari ya Zuhura wako na habari ya tumbo langu, maana mwaka huu zimekuwa habari moja.

Unakumbuka siku ile ghalani? Korosho zilikuwa zimeshapakiwa zote, mizani imekaa bure, karani akasema anayetaka kupima mwili wake apande. Nani atatangulia kama si mimi? Mara ya mwisho kupimwa nilikuwa kijana, siku nilipoajiriwa bandarini Mtwara. Mganga wa bandari alisema mia na sabini, na namba hiyo nilitembea nayo kama watu wanavyotembea na cheti. Nilikuwa nabeba gunia la saruji kila kwapa, na la tatu nimeling'ata kwa meno. Hapo naona unatikisa kichwa. Haya, mawili.

Nikapanda. Karani akasogeza jiwe la mizani, karibu atoe kilo moja ya gunia kwa mazoea yake ingawa sikuwa ndani ya gunia, akasema tisini na nane. Dada, hebu hesabu. Kutoka mia na sabini hadi tisini na nane. Karibu nusu yangu ilikuwa imekwenda na sikuiona ikiondoka. Hatukukumbuka, mimi wala wewe wala wale wote waliokuwa mlangoni, kwamba bandarini walinipima kwa ratili na ghalani siku hizi ni kilo. Kilo tulishazizoea kwenye korosho na kwenye chumvi. Lakini mwili wa mtu, nani kijijini alikuwa amewahi kuupima kwa kilo?

Ulifuta machozi kwa upindo wa khanga. Tumbo langu lilikuwa limeufunika mkanda wote, uliliona kwa macho yako, na bado ukaiamini mizani. Ukasema ule ni uvimbe, si unene. Tangu siku ile ukawa unanipikia wali wa nazi, nazi mbili sufuria moja, na ming'oko, vile viazi vya porini, ukiipata, na samaki wa kukaanga. Ukamwendea mwenyekiti wa kijiji ukamwomba nisamehewe shamba la ujamaa kwa sababu mdogo wako anakwisha. Mwenyekiti alinitazama toka juu hadi chini, akasema kama huyu anakwisha basi kijiji kizima kimeshazikwa.

Nami siku ile ile ya mizani nilikwambia upande na wewe tukujue. Ukakataa. Ukasema, "Mimi si korosho." Karani alicheka mpaka akakaa juu ya magunia. Ningetoa chochote nilicho nacho nikusikie unalisema tena.

Na ulikuwa mnene, dada, sasa naweza kusema. Sote tulikusifia. Mgeni akifika kutoka Mtwara alisema Somoe kanawiri, nawe siku hiyo ulitembea kifua mbele. Halafu asubuhi ile ukainama kugeuza makopa ya muhogo uwanjani, upande mmoja wa mwili ukakataa kuinuka. Sista wa zahanati alisema ni presha, kwamba ilikuwa imekaa nawe miaka mingi bila kupiga hodi. Tulikwenda kukuzika mahame, kwenye makazi yetu ya zamani tuliyohamishwa, kwa sababu ulishasema hutaki kulala kijijini ambako nyumba zimepangwa mstari kama kambi.

Sista Yustina humjui vizuri, alikuwa mgeni bado ulipotuacha. Ni Mngoni wa Songea, mtani wetu, mwembamba kama ufito na mdomo wake hauna breki. Baada ya arobaini yako alikuja dukani kutafuta sabuni. Sabuni haikuwapo. Duka lilikuwa tupu, kitu pekee kilichojaa mle ndani kilikuwa muuza duka, yaani mimi, nimekaa nyuma ya meza natafuna korosho za kukaanga. Vijana walikuwa wameshachora ukutani nje mtu mwenye tumbo na kofia ndefu, wakaandika MNYONYAJI. Ile kofia sina, lakini tumbo kila mtu alilitambua.

Sista akaniuliza, "Mtani, hilo la miezi mingapi?"

Mwingine ningemfukuza. Mtani utamfanya nini? Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi ni mgonjwa, nimepungua karibu nusu, nikampa na namba zote mbili. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza ile mia na sabini nilipimwa wapi, mwaka gani. Akachukua karatasi ya sukari akapiga hesabu. Ratili mia na sabini ni kilo sabini na saba. Sikupungua hata chembe, dada. Niliongezeka kilo ishirini na moja. Debe la maji lililojaa mpaka linamwagika, nimejifunga kiunoni, nalala nalo naamka nalo, na wewe maskini ulikuwa unaniongezea maji.

Akanisimamisha kwenye mwimo wa mlango anipime urefu. Nilishamwambia mimi ni futi sita na ushee, kwamba bandarini waliniita mlingoti. Akanikanyaga vidole vya miguu ili visigino vishuke, akatia alama kwa mkaa. Sentimita mia moja sitini na nane. Akasema mtu mzima achukue sentimita zake aondoe mia moja, kinachobaki ndicho kilo zake, hapo karibu. Akasema si amri, mwenye mifupa mizito atazidi kidogo na mwenye mifupa myepesi atapungua kidogo, ila tofauti isiwe debe zima. Kwa hiyo mimi, sitini na nane, au sabini na kidogo. Nilimwomba anipime tena nikiwa na kofia yangu ya Ijumaa.

Hakucheka. Alikuwa ameshanifunga ule mpira wa presha mkononi. Akasema imepanda, haijafika kama ya marehemu, lakini iko kwenye njia ile ile. Sitini na nane tuiache kwanza, akasema, mtu hashuki kwa siku moja alikopanda kwa miaka. Anza na themanini na tano. Hapo presha itaanza kukusikia.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, ameyasikia yote.

Lazima nikwambie, barua ya chuo cha ualimu ilikuwa imeshafika. Ile nafasi uliyomwombea kila asubuhi, kwamba hatashika jembe kama wewe. Alitakiwa aende msimu wa korosho ukiisha, na mwenye kuchelewa nafasi yake anapewa mwingine. Jioni ile akanipakulia kisamvu, akakaa mbele yangu, hakula. Tangu tukuzike hajalia hata mara moja mtoto yule. Akasema, "Mjomba, mama hayupo, na baba alivuka Ruvuma hakurudi. Sitaki niletewe simu chuoni kwamba na wewe umeanguka. Ukifika themanini na tano, naondoka. Usipofika, nabaki hapa nakuangalia unachokula."

Nikamwambia mjomba wake aliwahi kupotea msitu wa Rondo mwezi mzima akila majani na umande, sembuse kilo kumi na tatu. Hakucheka. Wewe ungecheka.

Nilianza kijinga. Nikafunga kama Ramadhani lakini bila kufuturu vizuri, maji na ndimu, ndimu na maji. Nilianguka juu ya meza ya duka mbele ya wateja, waliokuja kuniuliza chumvi wakageuka kunipepea. Sista akasema huko si kupungua, ni kugombana na mwili, na mwili ukigombana nawe utarudisha kilo zote na riba. Akanipangia: ugali wa muhogo ukubwa wa ngumi yangu, ngumi ya kweli si ile ninayosimulia. Nusu ya sahani iwe mboga. Samaki wa kuchemsha. Nazi mara moja moja. Chai bila sukari, na hapo serikali ilinisaidia maana sukari haikuonekana msimu mzima. Korosho kiganja kimoja, basi. Dada, yote niliyaweza, korosho ndizo zilizonitesa. Fikiria mtu aliyezaliwa chini ya mkorosho anahesabiwa korosho.

Na kutembea. Nikaamua niende mahame kila alfajiri, nifyeke chini ya mikorosho yetu tuliyoiacha, nipite kwako, nirudi kufungua duka. Mikorosho imeingia msituni, dada. Ule mkubwa wa mama umebeba mizabibu mwitu mpaka juu. Mwenyekiti alisikia naenda kule kila siku, akadhani nataka kuhama kijiji nirudi zamani, akamtuma mgambo anifuate. Mgambo alinifuata mpaka akakonda yeye kabla yangu, akaomba abadilishiwe kazi. Hilo ni kweli tupu, muulize. Ah, huwezi kumuuliza.

Usidhani ilikuwa michezo. Kulikuwa na wiki mizani haisogei, nimetembea, nimejinyima, napanda pale ghalani na jiwe limekaa pale pale kama limepigiliwa msumari. Magoti yaliuma. Usingizi ulikuja umechelewa kwa njaa. Na ukikaa peke yako na sahani ndogo ndipo unapojua kwamba mtu aliyekuwa akikujazia hayupo. Kuna siku nilisukuma sahani, si kwa sababu ya sista. Zuhura naye alikuwa ananipimia ugali bila maneno, ana mikono yako kabisa, nami nilishindwa kumwangalia.

Korosho zikavunwa, zikapimwa, magari yakaja. Siku ya mwisho nikaenda ghalani. Sista alikuja, Zuhura akakataa kuja, akasema atanisubiri nyumbani. Sanduku lake la bati lilikuwa tupu bado, chini ya kitanda. Gari la mwisho la korosho lilikuwa linaondoka kesho yake.

Karani akasogeza jiwe, sista akamkataza mapema kutoa kilo ya gunia. Themanini na nane.

Kilo kumi, dada. Miezi yote ile, na kilo tatu zimenishinda. Nilibaki juu ya mizani kama gunia lisilo na mwenyewe. Karani, ambaye ni mtu mwema, akanong'ona, "Mjomba, mtoto hayupo hapa. Tuseme themanini na tano, aende zake akasome." Sista akatazama nje.

Unanijua. Mimi ni yule niliyewaambia watu wa Chikongola, kule Mtwara, kwamba kitanda cha gesti kilivunjika kwa sababu nilikuwa naota napigana na simba. Njia nzima ya kurudi nililipanga neno langu. Themanini na tano ilikuwa imekaa sawa mdomoni. Nilifikiria hata kusema themanini na nne, ili nisionekane nimegusa tu mstari. Ilikuwa kwa ajili yake, na kwa ajili yako, nani angenilaumu?

Nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikakaa, nikavua viatu, nikasema, "Themanini na nane."

Sijui kwa nini. Watu watasema ni ucha Mungu. Nadhani ni uchovu, dada. Uongo unataka nguvu, na siku ile sikuwa nazo.

Akaendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha. Kisha akaingia ndani, nikasikia bati la sanduku likikwaruza sakafu. Nikamfuata. Alikuwa anakunja ile khanga yako ya zambarau. Nikamwambia hakunisikia vizuri, sijafika.

"Nimekusikia," akasema. "Suruali zako nafua mimi, Mjomba, nilijua hujafika. Ungesema themanini na tano nisingekwenda popote. Mtu anayenidanganya kilo zake nitamwachaje peke yake?"

Ndipo akalia. Alilia kwa yote, nadhani, kwa wewe zaidi. Nilikaa naye sakafuni mpaka alipomaliza, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na hadithi.

Ameondoka jana juu ya magunia, amelala Mtwara, Rahaleo, kwa shangazi yake, leo anaendelea na safari. Amemwachia sista kazi ya kunipima kila mwisho wa mwezi na kumwandikia namba. Mimi sikuaminiwa hiyo kazi, na ni sawa. Nyumba ni kubwa mno sasa. Jana nimejipikia ugali mwenyewe, nusu umeungua, nusu mbichi, kwa hiyo kula kidogo hakukuwa shida.

Nisikuchoshe. Zimebaki tatu za Zuhura, na baada ya hizo zipo nyingine za sista, ambazo sijui kama nitazimaliza. Lakini nakuahidi hili: kesho alfajiri nitakuwa njiani, na keshokutwa, hata siku ambazo mizani haitaki kusema nami. Kuhusu kilo sitamdanganya mtoto wako. Mengine usinidai, mtu lazima abakiwe na kitu.

Lala salama, dada yangu. Mkeka wangu usiutandike bado. Nikija huko nataka uwe umenisubiri mpaka ukaudhika.

Mdogo wako,
Selemani