Kioo cha Dirisha Mbele ya Misumari Yako

Mwalimu Nestori,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikikuandikia bila salamu nitajiona sina adabu.

Kambi ilifungwa. Watu wako walirudi Burundi, na pale palipokuwa na mahema watu wetu wa Mugoma wanalima maharage. Mimi nafanya kazi maabara, huku chuoni. Tunakusanya umeme kidogo kidogo, kisha tunauachia wote kwa mara moja. Swichi yake ni vyuma viwili vilivyoachana, na kinachoufanya umeme uruke kati yao ni mwanga wa leza. Ungecheka. Ni misumari yako ile ile, imevalishwa suti tu.

Nakumbuka ulivyoipigilia kwenye ubao, ukaiunga na koili ya pikipiki mbovu, ukaiachanisha mpaka cheche ikashindwa kuruka. Kisha ukamwomba fundi wa kuchomelea vyuma awashe, na mwanga wake ulipoifikia misumari, cheche ikaruka. Ulituambia, "Mwanga unafungua mlango tu. Anayeingia ni umeme." Siku hiyo nilisahau hata kuchota maji, mama akanisema mpaka jioni.

Sasa nikuambie lililonileta.

Siku mkuu wa shule alipowaita wazazi, waamue kama mkimbizi aendelee kutufundisha fizikia, malori ya kambini yalikuwa yanapita na vumbi limetanda. Niliona misumari yako, uliyoipanga ili uwaonyeshe wazazi, inachafuka. Nikachukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakisimamisha mbele yake. Nilidhani nakusaidia. Fundi akawasha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Cheche haikuruka. Watu walicheka, na baba yangu mzazi akasema, "Huyu katuletea mazingaombwe, na yenyewe yamemshinda." Ulikunja nyaya zako ukarudi kambini, na masika yale yale homa ikakuchukua.

Wiki iliyopita dirisha la swichi yetu, lile leza inapopitia, lilipasuka, mwenzangu akaweka kioo cha kawaida. Swichi ikagoma. Mkubwa wetu alitazama kidogo tu, akasema kioo cha namna hiyo kinazuia ule mwanga usioonekana kwa macho, nao ndio unaofanya kazi. Nilitoka nje, Mwalimu. Nililia kama vile umekufa asubuhi hiyo.

Hukukosea. Ni mimi. Ulikufa ukidhani umeaibika kwa haki, na mimi ndiye... Nisamehe.

Likizo hii nakwenda Mugoma. Mkuu wa shule yupo, amestaafu. Baba naye yupo, miguu ndiyo imechoka. Nimeshamtafuta fundi wa kuchomelea, na nitawaita wote waliocheka ambao bado wako hai. Nitasema mbele yao kosa lilikuwa la nani.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kioo nitampa baba akishike kwa mkono wake, waone cheche inavyokataa. Kisha nitamwomba akiondoe.

Mwanafunzi wako,
Deo