Mafuta ya Kondoo Sitayatuma

Nakwa, Babati

Mjukuu wangu Paskalina,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku hatujambo. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, mjomba wako hakosi kibarua cha ujenzi. Ila barua yako imeninyima usingizi.

Unasema tumbo linakubana juu, chini ya mbavu za kulia, na unaomba nikutumie mafuta ya kondoo. Sitayatuma.

Nilipokuwa msichana niliumwa hapohapo. Mama aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo akaninywesha kikombe, kama tunavyofanya kwetu kwa mgonjwa. Maumivu yakazidi, yakapanda mpaka begani. Mama akasema dawa inapambana na ugonjwa, akaongeza kikombe kingine. Niliona kwamba kila nikinywa naumia, lakini nilinyamaza, maana alikuwa amechinja kondoo wake wa pekee.

Hospitalini daktari aliuliza nimekula nini. Nilimtazama mama, nikasema, "Uji."

Mama akasema, "Ni mafuta. Nilimpa mimi."

Daktari akasema huenda ni mfuko wa nyongo, akanikataza mafuta. Mpaka leo nayakumbuka maneno ya mama kuliko dawa.

Basi nenda hospitali, mama, useme yote, hata yale unayonificha ili nisihangaike. Nimeshahangaika. Na mchana ujitazame kwenye kioo: macho yako ni meupe au yana njano? Kama yana njano, usingoje kesho. Nijibu hilo kwanza, salamu zitafuata.

Bibi yako,
Mama Yohana