Baiskeli ya Babu Bado Iko Msumarini

Jumapili, 15 Septemba

Leo nimekuwa mkia tena! Shangazi Nives anatangulia na bendera yake nyekundu, wageni wanafuata kwa baiskeli, na mimi niko nyuma kabisa na kizibao cha manjano, nihakikishe hakuna anayeachwa. Kupotea katika mji wetu huu wa Ferrara si rahisi, lakini wageni hujitahidi.

Tulikutana kwenye handaki la ngome kama kawaida. Wageni walikuja wawili wawili, isipokuwa mmoja: Bi Querina Busetto wa Venezia. Nywele nyeupe fupi, viatu vyekundu. Alikuwa mkunga, sasa amestaafu, na amepanga kwa wiki moja chumba kile cha ng'ambo ya ua wetu. Shangazi akampa baiskeli. Akaishika usukani kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni.

"Panda, mama, tunaondoka."

"Napandaje?"

"Kama unavyopanda siku zote."

"Mwanangu, mimi siku zote ni miguu au mashua."

Venezia — maji na madaraja ya ngazi, baiskeli ataendesha wapi? Na sisi hatukumuuliza kama anajua. Nani angeuliza? Hapa kumuuliza mtu mzima kama anajua baiskeli ni sawa na kumuuliza kama anajua kunywa maji. Shangazi alikuwa mwekundu kuliko bendera yake. Bi Querina wala! Alisema kwao ukilipia mashua hakuna anayekuuliza kama unajua kupiga makasia. Alidhani kazi hiyo ni yetu.

Msafara ukaondoka bila mkia. Mimi nikaambiwa nimrudishe. Uani tulimkuta Babu Ermete anamenya boga. Nikamsimulia.

Akacheka. Babu yangu akacheka mpaka kisu kikamponyoka! Bi Querina akaketi bila kukaribishwa, akasema, "Cheka, mzee wa nchi kavu. Ukimaliza unifundishe."

Jumatatu, 16 Septemba

Shule imefunguliwa. Mwalimu mpya wa lugha anasema sentensi fupi ni adabu kwa msomaji. Humu hakuna msomaji ila mimi, lakini nitajiheshimu.

Basi, kwa ufupi. Misafara hii aliianzisha Babu, kabla Shangazi hajazaliwa. Februari, siku ya ukungu, alianguka na baiskeli mtaa wa matao, kwenye yale mawe ya mviringo yanayoteleza yakilowa. Nyonga. Imepona. Daktari anamwambia aendeshe, tena amsalimie kila akipita dirishani kwake. Babu akaitundika baiskeli msumarini bandani, kwa mikono yake. Ameshamwahidi Bwana Tullio mwoka mikate kwamba itakuwa yake, kwa sababu ni mrefu kama yeye. Bwana Tullio atakuja kuichukua Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Jumapili hiyo hiyo ni msafara wa mwisho wa majira haya.

Sijamwambia mtu. Naandika hapa tu: nataka Babu aishushe yeye mwenyewe kabla ya Jumapili.

Jioni somo la kwanza uani. Babu aling'oa pedali ili Bi Querina asukume kwa miguu kama bata. Babu mwenyewe alikaa kitini, fimbo mkononi, anafoka:

"Angalia mbele! Unatafuta nini chini, samaki?"

"Natafuta pa kuangukia!"

Akaangukia kwenye vyungu vya maua vya Mama. Tukamwinua. Anacheka! Majani kichwani, anacheka.

Jumatano, 18 Septemba

Pedali zimerudishwa. Ua hautoshi tena. Tulikwenda juu ya ukuta wa kale wa mji, mpana kama barabara, kwenye njia ya udongo chini ya miti. Mimi nilishika kiti nyuma na kukimbia, Babu alifuata kwa mguu na fimbo. Watu wote wanamjua. Wanapita na baiskeli zao, mmoja amebeba ngazi, mwingine mbwa, na kila mmoja anapunguza mwendo. "Ermete, umefanya nini na magurudumu yako?" Babu anajibu amempa likizo farasi.

Bi Querina aliyasikia hayo. Akasema, "Mwalimu gani huyu, anafundisha kuogelea huku amevaa koti?"

Babu akajifanya kiziwi. Sikio lake la kushoto ni bovu, lakini Bi Querina alikuwa kulia kwake.

Halafu nikaachilia kiti! Sikumwambia. Alikwenda peke yake kama urefu wa darasa letu, anaongea na mimi njia nzima akidhani nipo. Alipogeuka kuniangalia — chini. Magoti, viganja. Nilikimbia kumwinua huku nalia kidogo kwa furaha, akanifuta machozi kwa mkono wa udongo. Mama amenikuta usoni nina masharubu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nitaliandika neno kwa neno nisije nikalisahau.

Tulikuwa tumepumzika juu ya ukuta. Walinisahau. Nilikuwa nyuma yao, nimelala kwenye nyasi na kitabu cha historia usoni. Bi Querina akauliza, taratibu, kama anavyoulizwa mgonjwa:

"Unaogopa kuanguka?"

Babu alizungusha ncha ya fimbo kwenye udongo. Niliogopa hata kupumua. Kisha akasema, "Siogopi kuanguka, Bi Querina. Naogopa kuokotwa."

Akaeleza. Alilala pale kwenye mawe, kwenye ukungu. Waliomwinua walikuwa watalii. Walikuwa na ramani. Walimuuliza kwa upole kama anaujua mji huu, wakamwonyesha hospitali iko wapi. Yeye! Hospitali alikozaliwa! Alisema alitamani mawe yammeze.

Sikujua. Hakuna hata mmoja nyumbani anayejua. Sisi tulidhani ni nyonga.

Bi Querina alikung'uta udongo kwenye sketi yake. "Wewe na huyu mtoto mmeniokota tangu Jumatatu," akasema. "Mimi huyu hapa. Nimepungua nini?"

Babu alimtazama kutoka kichwani hadi viatu vyekundu. "Ngozi ya magoti," akasema.

Wakacheka wote wawili. Na mimi chini ya kitabu, kurasa zinatikisika.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefika kutoka shule — baiskeli ya Babu imeshushwa!! Imesimama uani juu ya magazeti, na Babu amepiga magoti anasafisha cheni kwa mswaki. Nilitupa mkoba nikamkumbatia mgongoni mpaka mafuta yakamwagika.

"Polepole, Delfina! Kuna nini?"

"Umeishusha!"

"Ndiyo. Cha kumpa mtu hakitolewi kikiwa na vumbi."

Kumbe anamtayarishia Bwana Tullio.

Imerudi msumarini, inang'aa. Sina zaidi.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua. Hakuna somo. Tulitengeneza vifuko vya boga vya kesho, vya unga uliokandwa na boga lililopondwa ndani, mimi, Mama na Bi Querina. Vyake vimekaa kama mashua. Mama amesema vitaelea vizuri.

Bi Querina anaondoka kesho jioni kwa treni. Kesho ataungana na msafara juu ya ukuta, kipande kile cha mwisho tu, halafu tutakula wote kwenye nyasi. Alimwambia Babu aje kumwona mwanafunzi wake. Babu akasema atakuja. Kwa miguu.

Nimesali kidogo. Si kwa ajili ya mtihani.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika nimeegemea mti, juu ya ukuta. Bahati daftari lilikuwa mkobani na si kwenye kikapu cha baiskeli yangu, maana baiskeli yangu sijui iko wapi. Nianze mwanzo.

Jua! Hakuna hata uzi wa ukungu. Tulizunguka mji na wageni, ngome, kanisa kuu, ule mtaa mrefu ulionyooka. Kwenye mtaa wa matao Shangazi aliwaambia washuke, wasukume. Tulipopanda ukutani Bi Querina alikuwa anasubiri na baiskeli yake, na Babu kando, amevaa kofia ya Jumapili. Mama alikuwa ameshatandika kitambaa kwenye nyasi.

"Nenda mpaka mti ule, urudi," Babu akamwambia. "Usimwangalie mtu."

Akaenda. Yumba, yumba — kisha hakuyumba! Viatu vyekundu vinazunguka, wageni wanapiga makofi, Shangazi anapeperusha bendera. Akaufikia mti. Akaupita.

"Rudi!" Babu akaita.

"Nasimamaje?!"

Tulitazamana. Wiki nzima alikuwa anasimama kwa kuanguka. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha breki! Tulimfundisha kwenda, na kwenda akaenda. Njia ya ukutani inauzunguka mji karibu wote, haina mwisho wa haraka.

"Breki!" Babu akapaza sauti. "Mkononi!"

"Mikono nimeshikia!"

Babu akaitupa fimbo. Sikuona alivyofanya. Niliona tu baiskeli yangu, ile ndogo ya bluu iliyokuwa karibu naye, inaondoka, na juu yake Babu, magoti yametoka pande zote kama chura. Shangazi akapiga ukelele, "Baba! Nyonga!" Yeye huyoo, kofia imebaki hewani, kisha nyasini. Nimeikalia, isipeperuke.

Wakakata kona. Wakatoweka.

Tulingoja. Vifuko vya boga vilipoa. Shangazi alitaka kuwafuata, akapanda, akashuka, akapanda. Mama akamshika mkono: "Nives, mwache." Bwana Tullio akafika na mikate yenye pembe nne zilizosokotwa chini ya kwapa. Alikuwa amepita nyumbani kwanza, akaiona baiskeli msumarini, lakini mwenyewe hayupo.

"Ermete yuko wapi?"

"Ameenda kuzunguka," nikasema.

"Na nani anamsukuma?"

Nikamwonyesha pa kukaa. Nilitaka kulifurahia peke yangu kidogo.

Kisha kengele. Kengele yangu! Babu hapigi kengele, husema ni ya watu wasio na mdomo. Leo ilikuwa inalia kama moto umezuka, na juu ya kengele sauti mbili zinagombana, ya Bi Querina ikitangulia:

"Mimi ndiye niliyekuokota!"

"Umeniokota baada ya kuniangusha!"

"Nimekuokota, sema asante!"

"Kumbuka breki, mwanamke!"

Wakatokea kwenye miti ya upande wa pili, bega kwa bega, kama watu wa hapa wanavyokwenda wakiwa na maongezi. Suruali ya Babu imechanika gotini. Goti lina udongo na damu kidogo. Anacheka, mdomo wazi wote. Sisi tukasimama, tukawaachia njia, Shangazi akanyoosha mikono ampokee baba yake —

Wakatupita!

Hawakusimama. Hawakujaribu hata kusimama! Babu aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani. Mkono mzima, hewani! "Tullio!" akaita. "Mkate usiumalize!" Na kona ikawameza tena.

Shangazi ameketi juu ya bendera yake. Anacheka na kufuta macho, sijui lipi lilianza. Wageni wameanza kula vile vya mashua.

Bwana Tullio ameukata mkate, akanipa pembe moja. Ametafuna muda mrefu. Ameniuliza, "Sasa ile baiskeli, Delfina?"

Mdomo wangu umejaa, nashukuru. Naangalia kona ya upande ule watakakotokea. Kengele bado siisikii, ila sauti mbili zinazogombana —