Herufi za Shaba

Likasi, Alhamisi, Oktoba 1993

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamejaa lakini mvua haitaki kushuka. Umeme hakuna, maana wamekata tena waya wa shaba unaoleta umeme kutoka bwawa la Mwadingusha, na mtaani wanasema safari hii mwizi lazima apatikane. Wanavyolisema, ni kama wameshamchagua.

Na bado nilikuwa na furaha mpaka saa nane mchana. Mwanafunzi wangu Kapinga alisoma.

Mtoto huyu anaongea kuliko padri, lakini ukimwekea ukurasa wa Kifaransa mbele yake anakauka. Nyumbani hakuna anayeongea Kifaransa, kwa hiyo darasani tunakiimba wote pamoja, mstari kwa mstari, naye alijificha humo miaka yote. Kitabu kizima alikishika kwa masikio. Siku nilipomwambia aanzie katikati ya mstari, machozi yalimtoka. Sista mmoja mzee aliniambia hali hiyo inaitwa disleksia, na wala si upungufu wa akili. Mkuu wetu wa shule anaiita uvivu. Ametangaza kwamba Jumamosi kila mmoja atasoma mbele yake peke yake, na atakayeshindwa arudi kwao.

Kwao! Siku hizi neno hilo silipendi kabisa. Baba yake Kapinga vijana wanamwimbia hilohilo kila akipita barabarani, arudi kwao Kasai, mkoa wa babu zake, na mtu mwenyewe amezaliwa hapahapa Likasi, mtaa wa Panda.

Herufi anazojifunzia alizitengeneza mume wangu, fundi umeme, kabla kazi hazijasimama. Alizikunja kwa waya wa shaba wa mota iliyoungua, zama zile ambazo takataka ilikuwa takataka tu. Mtoto anafumba macho, anapitisha kidole juu ya herufi, anatamka sauti yake. Jicho lake linachanganya tumbo la b na la d, lakini kidole hakisahau. Tumefanya hivyo kila siku baada ya masomo, vidole vikinuka shaba, na leo alisoma mstari mzima wa ukurasa asioujua. Polepole, jasho likimtoka puani, lakini alisoma.

Nilipiga makofi kama mwendawazimu. Kisha nikazifunga herufi zote kwenye kipande cha kitenge, nikamwambia aende nazo nyumbani, ajizoeze mpaka Jumamosi.

Nilimpa mtoto wa Kasai shaba aibebe mchana kweupe, wiki hii!

Wallahi sikuiona shaba. Nimezizoea mno, kwangu ni a, ni b, ni d. Mume wangu alipoingia kutoka mjini hata shati hakuvua. Alisema vijana wanaingia nyumba kwa nyumba upande wa akina Kapinga, wanatafuta shaba, na wanaanza na watu wa Kasai. Halafu akatazama rafu ninapoweka herufi.

"Ile malettre iko wapi?"

Nilikuwa natafuta viatu.

Njiani nilikutana na mkokoteni wenye godoro na masufuria, wenyewe, watu wa Kasai, wanaelekea stesheni, ambako wenzao wanalala juu ya mizigo yao wakingoja treni. Mama aliyekuwa nyuma ya mkokoteni nilimsalimia. Aliendelea kusukuma. Madirisha mawili matatu ya mtaa ule hayana tena pazia.

Nilimkuta Baba Kapinga nyuma ya jiko, amepiga magoti kwenye tuta la viazi vitamu, anachimba shimo kwa jembe. Nilijiandaa kutukanwa. Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Madame, weye ulitaka kumusaidia, minye najua," alisema. "Lakini hii mukuba, hii shaba, itatuua."

Kapinga alikuwa amechuchumaa pembeni na kitenge mapajani. Alichukua herufi moja, akafumba macho, akapitisha kidole, akatamka, ndipo akampa baba yake aiweke shimoni. Akachukua nyingine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Baba alimngoja kila mara, ingawa alikuwa akigeuka kutazama barabara. Kwenye moja alisita, akaipindua, akaipindua tena, nami nilitamani kumsaidia nikajiuma ulimi.

"D," alisema.

Ilikuwa d.

Zilipoisha, baba alirudisha udongo na kulaza majani ya viazi juu yake. Firimbi za wale vijana zikasikika mwisho wa barabara, kwanza moja, halafu nyingi.

"Banakuya. Madame, rudia kwako."

Nilitaka kubaki. Niandike ukweli: nilitaka kubaki, lakini miguu ilishaanza kuondoka. Kapinga aliniuliza kama Jumamosi anaweza kusoma akiwa amefumba macho. Nilimwambia ndiyo, anaweza, bila kujua kama mkuu atakubali, bila kujua kama Jumamosi ataniona.

Sasa niko mezani na mshumaa. Mume wangu anasema udongo wenye majani juu hauna la kusema. Amelirudia mara kadhaa, na kila mara anakwenda dirishani. Firimbi bado zinalia upande ule.

Asubuhi nitaita majina darasani kama kawaida. Nikifika kwenye jina la Kapinga nitasubiri. Nitasubiri hata wenzake wakianza kunong'ona, na jina linalofuata sitaliita upesi.