Kayal Ndiye Aliyeruka

Vadapalani, Chennai
9 Januari 2011

Mpendwa wifi yangu Sornam,

Salamu tele kutoka kwetu. Hujambo? Goti linasemaje, na joto la Penang? Sisi wazima. Kaka yako nyonga bado inamsumbua, lakini mdomo mzima, anagombana na kila mtu.

Wifi, kaa kitako. Mwanao Kayal ameruka! Ameruka kutoka paani, mbele ya kamera, badala ya nyota wa filamu.

Unajua tulivyohangaika. Tangu ajiunge na chama cha wapiganaji wa sinema ni kukaa benchi tu, maana hapa kwetu nyota wa kike akitakiwa kuruka, huvishwa wigi mwanamume. Kaka yako mwenyewe kavaa wigi hilo ujana wake wote! Akamwambia binti: filamu hii isipokuchukua, sikukuu ya Pongal ikipita unaenda kuuza sari dukani. Mtoto hata chakula kilimshinda.

Siku yenyewe Mwalimu Thangappan, mkuu wa mapigano, akamchagua Ponnuchamy kama kawaida. Mwepesi huyo, huwezi kumtia dosari. Akavaa sari, wigi na bangili. Akaambiwa kimbia. Wifi wee! Mkono wake ukaenda wenyewe, akaikunja sari hadi magotini kama anavyokunja kikoi chake nyumbani, vinyweleo vya miguu nje! Wakarudia, akakunja tena. Watu hawana mbavu.

Mwalimu akafoka, "We Ponnu, unakwenda kuoga mtoni?"

"Nisamehe, Mwalimu. Mkono huu umezaliwa na kikoi. Mpe Kayal, binti wa Manickam, sari ni yake."

"Msichana? Akivunjika nitamwambia nini mama yake?"

"Mama yake huyu hapa," nikasema, maana nilikuwa pale nashona blauzi za waigizaji. "Mpe."

Mdomo ulitangulia akili, na Mwalimu akakubali.

Kaka yako ndiye aliyekuwa chini, akipanga maboksi ya kuangukia. Akayapangua, akayapanga upya yote, mpaka mwongozaji akachoka kusubiri. Kayal akakimbia juu ya paa, sari imetulia, akajirusha. Na yule mwanamume aliyeanguka kutoka kila paa la mji huu akafumba macho!

Tukasikia sauti ndani ya maboksi: "Baba, sari ilipanda?"

Baba mwenyewe? Alikuwa analia, wifi, kamasi mpaka kwenye masharubu. Usimwambie nimekuambia. Kisha akachukua boga lenye kafuri inayowaka juu yake, akamzungushia binti, akalipasua chini kuondoa husuda.

Mwalimu akasema, "Wigi litieni sandukuni. Tangu leo, wa kike akiruka, niitieni huyu."

Nimejivuna, sikufichi. Jirani wote wamenichoka.

Tumeonywa tusiseme, kwa kuwa nyota atawaambia waandishi kwamba karuka mwenyewe. Haya, mdomo nimefunga. Kalamu hawakuitaja.

Nisalimie shemeji Govindan, na binti yenu Thenmozhi na mumewe. Mungu wetu Murugan awalinde nyote, awape afya na mlango usiokauka wageni.

Filamu ikifika huko, ukumbi mzima utampigia makofi mtu mwingine. Waache. Wewe, shangazi yake, simama umpigie kelele mtoto wetu kwa jina lake.

Ni mimi wifi yako, akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Maragatham