Vigingi Vyekundu Kando ya Ziwa

Gatete, Rumonge
14 Septemba 2024

Mpendwa Dada Ernestina,

Amahoro. Nakusalimu kwanza, kisha nauliza goti lako. Bado linakusumbua asubuhi? Na shemeji Mardochée, kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka kwa kubeba mashada ya chikichi kutwa. Mikono inanuka mawese hata Jumapili kanisani.

Dada, usifunge mizigo bado. Nilitaka kuanza na habari nyingine, nimeshindwa. Kosa ni langu, na nakueleza lilivyokuwa.

Mwenye shamba ninalofanyia kazi, Venanti, alinipa kipande cha ardhi kwa utumishi wangu, kutoka barabara ya lami hadi karibu na maji, akasema nijenge ninapopenda. Kule chini nilikuta vigingi vimepakwa rangi nyekundu, vimepangwa mstari mmoja. Nikafurahi. Sisi tumekulia ukimbizini, kambini Katumba, ambako kigingi maana yake kiwanja: unaonyeshwa mstari, unapewa namba, unajenga, huulizi. Basi nikachimba msingi wa nyumba yako kwenye vigingi, upande wa ziwa, ili usitembee mbali kuchota maji na goti hilo.

Jumamosi ya wiki jana walipita vijana kama ishirini kwa miguu, wakiongozwa na mwalimu Aziza. Anawatembeza sokoni, mwaloni kwa wavuvi, kwenye mitaro, waone mji ulivyopangwa na ulipokosewa, kisha wachore ramani ya kupeleka kwenye mkutano wa mtaa. Kila wanaposimama wanamwuliza mkazi wa hapo. Kwetu walikuja na mvuvi mmoja, Radjabu. Binti aliyeshika penseli, Irakoze, akaniuliza nyumba ni ya nani. Nikasema ya dada yangu, anahamia kutoka Tanzania mwezi wa Desemba.

Radjabu akautazama msingi.

"Fundi, hii nyumba iko ya dada yako ao iko ya samaki?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia vigingi vile walivipiga majirani wenyewe, mwaka ziwa lilipopanda, kuonyesha maji yalikofika. Pale nilipoweka jiwe la pembeni ndipo kitanda chake kilipoelea.

Niliona aibu, Dada, na tangu siku ile nawaza. Umri wangu wote hakuna aliyeniuliza nyumba ikae wapi, na mimi sikujifunza kuuliza. Wale watoto wanauliza kila kitu, hata kwa nini choo cha soko kiko karibu na wauza samaki.

Venanti amekubali nijenge juu, ng'ambo ya barabara. Ni padogo, pikipiki ziendazo Minago zina kelele, na maji yako mbali, nitakuchotea. Nimeanza kung'oa mawe, lakini peke yangu sitamaliza kabla ya mvua. Ngoja hadi Juni. Shamba lako usimwachie mtu kwanza. Najua ulishawaaga majirani, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nisalimie shemeji, Anita na Seth. Mungu awatunze nyote, na akupe miguu ya kufika.

Irakoze aliifuta nyumba yako kwenye ramani, akaichora upya ng'ambo ya barabara. Kwenye karatasi yao umeshahamia. Kwenye ardhi, nivumilie.

Mdogo wako akupendaye,
Josias